Gari Limeacha Kugonga

Kisesa, Magu,
Mwanza.
16 Juni, 2025.

Mpendwa dada Evelina,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Shemeji hajambo? Mguu wa Hellen umepona, au bado anachechemea? Mimi ni mzima. Habari za mama nitakueleza hapo chini, na nakuomba ukae kwanza. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu mama yuko ubavuni pangu, na wewe ukianza kulia sitaweza kumaliza.

Naanza na gari. Unaukumbuka ule mlio uliokukera Krismasi, ko! ko! kila tukipita kwenye tuta, kutoka nyuma kushoto? Ulisema gari la marehemu baba liuzwe vyuma chakavu. Nilikasirika, ila sikuacha kuutafuta. Nililipeleka kwa fundi Muhidin mpaka akanichoka. Tukilijaribu barabarani, yeye na mimi, gari kimya. Alibadilisha bushi, akakaza kila nati, akanirudishia. Nikimpakia mama kwenda sokoni, ko! Mama alicheka mpaka akatoa machozi: "Gari yenu inaogopa fundi kama baba yenu alivyoogopa sindano."

Baada ya Pasaka mlio ukaisha wenyewe. Siku chache kabla nilikuwa nimeingia uvunguni na spana, basi nikajisifu mtaa mzima kwamba nimemshinda Muhidin. Nilifurahi kweli, dada.

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi huu tulimpa lifti Mama Dorotea, yule jirani yetu mnene wa kwaya. Unajua mama hakai mbele tangu baba afariki. Anasema kiti kile kina mwenyewe. Hukaa nyuma yake, upande wa kushoto. Siku hiyo alimpisha mgeni, akasogea kulia. Tulipovuka tuta la kwanza tu, ko! ko! Mama Dorotea akacheka: "Jamani, nawavunjia gari kwa unene wangu!"

Nami nikacheka. Halafu nikamtazama mama kwenye kioo. Alikuwa anavuta kitenge afunike mkono, lakini nilikuwa nimeshauona. Sikuutambua mkono ule. Hapo ndipo nilipoelewa. Springi ya upande ule imechoka; akiikalia mtu mzito, bodi inashuka na kugonga. Siku zote ni mama aliyekuwa akiligongesha. Gari halikupona. Ni mama aliyekuwa anakwisha mbele ya macho yangu, ndani ya magauni mapana na vitenge viwili viwili, na mimi nazunguka najisifia ufundi.

Tulipobaki wawili nilimuuliza. Alijibu kwa mkato, "Usimwambie Evelina, ana watoto wadogo." Jumatatu yake nikampeleka hospitali. Ni uvimbe tumboni, na umeshasambaa. Daktari hakuzungumzia upasuaji. Alituandikia dawa za maumivu, akasema tumpe chochote anachotamani kula. Nilimchukia, ingawa alikuwa mpole.

Muhidin ameshapata springi nyingine. Nimemkatalia asiifunge. Kila nikimpakia mama, tukifika kwenye tuta napunguza mwendo na kutega sikio, nikiomba ligonge hata mara moja. Halijagonga.

Dada, njoo. Usingoje mwezi uishe. Mama hajui kwamba nimekuandikia, na najua atanigombeza. Acha anigombeze.

Nisalimie shemeji Venant, na Hellen na mdogo wake uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Mama Dorotea anakusalimu, na kila jioni anatuletea uji. Mungu akushike mkono njiani, na atuwekee mama mpaka ufike.

Nitakuja kukupokea stendi, na mama atataka tuje wote. Ukae naye nyuma, umshike mkono. Na tukivuka matuta, usiniulize mbona gari liko kimya.

Mdogo wako akupendaye sana,
Obedi