Mabomu ya Mbao katika Malisho ya Chini

Kijiji cha Olkhovka,
Mkoa wa Smolensk,
3 Juni 1945

Mpendwa kaka Nikanor,

Pokea salamu za nyumbani. Kidonda kinaendeleaje? Barua yako ya Aprili ilisema nyama imeanza kufunga pale mguu ulipokatwa, na kwamba sasa unalala bila sindano. Huko Urali baridi imepungua? Tumbaku mnapewa? Mimi mzima. Vidole vyote kumi ninavyo, na katika kazi yangu hiyo ndiyo habari ya afya.

Huenda hujaisikia kazi yenyewe. Mwaka jana theluji ilipoyeyuka waliwaita wasichana wa vijiji vyote wilayani, wakatufundisha kwa siku kumi na tano kutegua mabomu ya ardhini. Wanaume hamkuwepo. Nilipewa fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, mkasi na mkoba. Mwenzangu ni Ustinya, binti wa mhunzi, yule mwenye mdomo.

Wajerumani walipoondoka hapa Septemba ya arobaini na tatu walitega kila mahali: mashamba, kisima, hata tanuri la mkate la Agrafena. Mpaka leo tumetoa mia tatu na kumi na mawili. Yapo yale yanayoruka hadi kifuani kabla ya kupasuka. Mwanzoni yalinitoa jasho. Siku hizi nayachimbua kama viazi.

Tukimaliza shamba, sharti mimi na Ustinya tushikane mikono tulitembee lote, wanawake watakaolima wakitutazama. Ustinya husema, "Funga kitambaa vizuri, Dunya, tunakwenda harusini." Natembea tu. Woga sina, na ushujaa sina.

Sasa nikuambie jambo ambalo Agrafena, mwenyekiti wa shamba la ushirika, alinikataza kuliandika.

Mama yako hatunaye. Alifariki tarehe kumi na tisa Mei, katika malisho ya chini, kwa bomu la ardhini.

Kijiji kizima tuna ng'ombe wawili, na siku hiyo zamu ya kuwachunga ilikuwa ya mama yako, mama mkubwa wangu. Mmoja akaingia malishoni. Unajua alivyopalinda mahali pale. Tangu Oktoba ya arobaini na moja, kikosi chenu kilipopatega kabla ya kurudi nyuma, nawe ukakimbia nyumbani kuchukua mkate na kumwonya, hakuna aliyeruhusiwa kupasogelea. Alitufukuza kwa fimbo. "Hapo pana kazi ya mwanangu! Nani anataka kuijaribu?" Nadhani alijivunia kidogo.

Lakini alisema pia kwamba mliacha njia nyembamba kando ya kibanda cha kuogea, ya kupitisha wenzenu. Siku hiyo wanawake walimshika nguo. Akawaambia, "Niacheni. Njia naijua, Nikanor alinionyesha kwa kidole." Akaingia taratibu, akamshika ng'ombe kamba, akageuka naye. Zilibaki kama hatua kumi. Ng'ombe alitoka mzima.

Mimi niliitwa kutoka shamba la jirani. Nilipofika, hakuna aliyethubutu kwenda kumchukua. Nililala kifudifudi nikaanza kuchoma ardhi, shubiri baada ya shubiri. Mabomu yenu ni ya mbao, kifaa cha kusikilizia chuma hakiyasikii vizuri. Ustinya alisimama ukingoni.

"Dunya, ongea, nijue uko hai."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nitukane."

Nikamtukana, yeye na mhunzi aliyemzaa.

"Hayo nimeshayazoea," akasema. "Lete mapya."

Hivyo ndivyo tulivyomfikia mama yako. Ilinichukua saa mbili. Nilipata mabomu matatu njiani, masanduku yameoza, misumari imeliwa na kutu. Moja lilikuwa katikati kabisa ya njia, chini yake pana mchanga mpya wa mto. Mafuriko manne yamepita tangu mlipoyafukia, na mbao huelea. Siandiki hivi ili kukufariji. Niliuona mchanga kwa macho yangu.

Tulimzika kando ya babu, na kitambaa chake cha buluu. Wote walilia. Mimi nilikuwa nakwangua tope kwenye buti, nikaona sijamaliza, nikaendelea.

Agrafena alitaka nikuombe mchoro tu, bila kusema kwa nini. Nikamwambia, "Atauliza hali ya mama yake. Nitajibu nini?" Akasema, "Basi andika wewe. Mimi nimewasomea watu barua za vifo mpaka sauti imekauka."

Mchoro wenyewe tunauhitaji hasa. Nyasi za kukata ziko malisho ya chini peke yake. Tukikosa nyasi kavu, ng'ombe hawatauona mwaka mpya, na watoto kumi na mmoja wanategemea maziwa hayo. Wilayani wanasema ramani za kikosi chenu hazikupatikana tena.

Kwa hiyo kumbuka, kaka. Kutoka jiwe la mpakani hadi safu ya kwanza ni hatua ngapi? Safu zilikuwa ngapi? Zaidi ya yote, mlifukia mangapi kwa jumla? Matatu ninayo, la nne ndilo lililompata mama. Bila idadi sitajua pa kuachia. Usilolikumbuka, andika kwamba hulikumbuki. Usibahatishe ili kuniridhisha.

Hapa hakuna anayekulaumu. Nimewauliza mmoja mmoja.

Nitangoja posta hadi tarehe kumi na tisa. Tarehe ishirini tunaingia, iwe barua yako imefika au haijafika.

Shangazi Fyokla anakusalimu. Ndiye anayelisha kuku wa mama na kufungua madirisha ya nyumba yenu. Agrafena anakusalimu. Ustinya naye anakusalimu, anauliza kama mguu uliobaki unajua kucheza.

Mungu akuinue kitandani, akurudishie Oktoba ile yote kichwani, hata pale inapouma.

Ni mimi dadako nikupendaye, Dunya wenu,
Yevdokia