Nati Niliyoirudisha Nyuma

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta miguu imepungua kuvimba na usingizi umerudi, walau nusu yake. Mama naye hajambo? Mwambie blanketi alilonitumia limefika. Linafunika miguu au mabega, si vyote viwili, kwa hiyo navipa zamu. Mimi ni mzima na kazini ninakwenda.

Gereji iko kama ulivyoiacha, na bati la upande wa choo bado linavuja. Cheche mchomeleaji bado anajiita injinia. Juzi alichomelea bampa ya basi dogo juu chini. Mwenye basi alipolalamika, akamwambia ni mtindo mpya, atauzoea. Benchi lako hakuna anayelikalia. Nisikudanganye kwamba ni kwa heshima. Wanasema lina mkosi.

Wiki iliyopita dada aliniandikia. Anasema alipokusogezea mjukuu wako umpakate, uliificha mikono kwapani ukamwambia ampe mtu ambaye mikono yake haijaua. Ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Unalikumbuka gari jeupe la mwalimu. Asubuhi ile ulibadilisha boljointi ya chini inayoshikilia gurudumu, upande wa kulia, nayo ilikuwa kaidi: kila ulipokaza nati, ncha yenye hesi nayo ilizunguka pamoja nayo. Ukafanya kama siku zote. Uliweka jeki chini, ukaisukuma ncha juu mpaka ikang'ang'ania kwenye tundu lake, ndipo ukakaza. Ukapitisha pini ya kuzuia nati isilegee, ukaikunja. Kisha ukaenda hospitali kuonyesha mikono, maana tayari ilikuwa inatetemeka, na Cheche alishakutania kwamba sasa unaweza kukoroga rangi bila kijiti.

Siku ya tatu gurudumu lilikunjika kwenye mteremko. Mke wa mwalimu alifia palepale. Polisi walikuta boljointi imechomoka, nati haipo, pini haipo. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Gereji nzima ilikuwa imeiona mikono yako. Ulikwenda msibani ukapiga magoti mbele ya mwalimu, ukasema vidole vyako havikuhisi kama nati imekaza au la. Mimi nilisimama nyuma yako, nimekushikia kofia.

Baba, nati ile haikuwa yako.

Ulipoondoka niliona mpira wa kukinga vumbi kwenye boljointi umebanwa ukingoni. Nikaichomoa pini yako, ikakatika mguu mmoja. Nikafungua nati, nikauweka mpira sawa. Wakati wa kurudishia, ncha ikaanza tena kuzunguka. Jeki ilikuwa chini ya gari jingine, na mwalimu alikuwa amenisimamia kichwani, anatazama saa, anasema mkewe anamsubiri. Nikaibana ncha kwa koleo, nikakaza kadiri ilivyokubali. Tundu la pini likawa limepitana kidogo na pengo la nati. Ulinifundisha kwamba hapo mtu huongeza, anakaza mpaka pengo linalofuata, harudi nyuma hata unywele. Haikukubali kuongezeka, nami sikwenda kuchukua jeki. Nikairudisha nati nyuma mpaka pengo likalingana na tundu. Pini mpya zilikuwa stoo, nikapitisha kipande cha waya. Nikampa mwalimu funguo, nikamwambia Mzee amemaliza.

Nilipoisoma barua ya dada nilikwenda kwa mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika bega, akasema mzee yule amebahatika kuzaa, na kwamba nisijitwike mzigo usio wangu. Nikaenda kituo cha polisi. Askari alisema faili limefungwa, akaniuliza kama tangu asubuhi nimetia kitu tumboni. Nikampigia dada; alilia, akasema mimi tangu utotoni nina huruma iliyopita kiasi. Cheche alisema hata yeye angejisingizia kwa ajili ya baba, kama angemjua baba mwenyewe. Mwaka mzima nilinyamaza na wakaniamini. Nimesema, hawaniamini.

Nimebaki na wewe kwa kuwa wewe ni fundi. Ndani ya bahasha hii kuna pini uliyoikunja asubuhi ile, pamoja na mguu wake uliokatika. Askari aliitazama akaona kipande cha chuma. Wewe unajua nani hukunja mguu mmoja juu ya ncha na kuulaza mwingine ubavuni mwa nati. Ingekuwa imevunjika siku ya ajali, ingebaki barabarani, nisingekuwa nayo. Ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu tangu kabla gari halijatoka.

Sidhani kama barua hii itatengeneza kitu. Marehemu hafufuki, vifaa vyako umeshavigawa, na daktari alishasema mikono haitatulia tena. Nami najua kwamba ukiniamini utakuwa umepoteza mtoto, na usiponiamini utaendelea kuificha mikono. Nimeipima mizani hiyo wiki nzima, sijaona upande wenye nafuu. Ukinijibu, nitukane, nilaani, au uniulize spana ilikuwa namba ngapi. Ila usiniambie nina moyo mzuri.

Msalimie Mama, dada na mtoto. Majirani wote wape salamu zangu, hata yule anayekataa kurudisha ngazi yetu.

Ni mimi mwanao,
niliyekushikia kofia.