Watoto Tu

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la karakana kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama bado yuko kwenye dirisha la dawa pale zahanati, baba bado anapanda nguzo za umeme, na mdogo wangu ametimiza miaka sita na kung'oka meno mawili ya mbele, jambo ambalo halijampunguzia maneno hata kidogo.

Najua ni miaka miwili hatujaandikiana. Sababu nitaifikia. Kwanza nikupe habari, maana zinakuhusu.

Mwezi uliopita mwenzake baba kazini alianguka kutoka kwenye nguzo akafariki. Mkewe alikwisha kutangulia, na hapakuwa na karatasi yoyote aliyoiacha. Watoto wake watatu waligawanywa nyumba tatu, kama vyombo vya kuazima vinavyorudishwa baada ya sherehe. Baba aliporudi kutoka mazishini alimwambia mama waandike wasia, na humo wamtaje mlezi wetu endapo wao wawili wataondoka kabla hatujakua. Mama alikubali. Walikosea jambo moja tu: waliwauliza ndugu ni nani aliye tayari.

Baba mkubwa alikuwa tayari kabla ya wote. Unamkumbuka, yule tunayemwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyojikohoza kabla ya kusema. Alifika Jumamosi asubuhi amevaa koti, na kabla hajaketi alikuwa amekwisha kuipima sebule kwa hatua. Aligonga ukuta wa chumba chetu, akauliza kama ni tofali zima. Aliangalia dari, akafungua bomba la jikoni na kulifunga. Sisi hakutuangalia. Alisema watoto wa mdogo wake ni watoto wake, na kwamba angehamia hapahapa siku hiyohiyo ya msiba ili tusisumbuke kuzoea nyumba ngeni. Kisha akauliza kama mdogo wangu ameanza kusema. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi mbele yake, alimjibu kwamba ndiyo, tena zamani.

Shangazi alikuja alasiri. Aliniambia nimwonyeshe viganja vyangu, akavigeuzageuza. Alisema mimi angenichukua, kwa kuwa najua kupika na kufua, ila huyu mdogo bado ni mzigo, labda atafutiwe mtu mwingine. Alisema hayo huku akitafuna biskuti zetu. Nilipokutaja wewe, alicheka mpaka makombo yakamtoka.

"Yule mwanamke wa bisibisi?" akasema. "Atawalea hawa au atawafungua skrubu kama vyerehani vyake?"

Kisha akakunja mkono wa shati la mdogo wangu, akaonyesha lile kovu la maji ya moto, akasema hiyo ndiyo kazi yako. Mama aliinamisha macho. Mimi pia.

Jumatatu tulikwenda wote, isipokuwa mdogo wangu, kwa wakili, mwanamke mwenye chumba kidogo juu ya duka la vioo. Alieleza polepole, kama mwalimu mzuri. Alisema si lazima anayesimamia mali awe ndiye anayelea. Nyumba yetu itashikwa na msimamizi wa nje ya ukoo mpaka mimi na mdogo wangu tufikishe miaka kumi na minane, na mlezi hataruhusiwa kuiuza, kuipangisha wala kuhamia. Mlezi, alisema, atakabidhiwa watoto.

"Watoto tu?" akauliza baba mkubwa.

Wakili akasema ndiyo, watoto tu. Mheshimiwa akajikohoza, lakini safari hii hakukuwa na hotuba nyuma yake. Akakumbuka kwamba ana kikao. Shangazi naye akakumbuka kwamba wanakwenda njia moja. Goti lililomsumbua baba mkubwa wakati wa kupanda ngazi nadhani alilisahau palepale ofisini, maana alishuka mbili mbili.

Niliwadharau, mama mdogo. Bado nawadharau, na ilimradi mwalimu wangu hataisoma barua hii, nakiri kwamba ilinipendeza. Lakini viti vyao vilipobaki vitupu, wakili alinigeukia, akasema mtoto wa miaka kumi na minne anafaa kuulizwa. Nikasema wewe. Baba akasema haiwezekani, kwa sababu ya mkono wa mdogo wangu. Hapo nikaona kwamba chumbani alikuwa amebaki mtu mmoja wa kudharauliwa, naye ni mimi.

Siku ile sufuria ya maji ya moto ya kuogea uliiweka mezani, nyuma kabisa, karibu na ukuta. Uliniambia nisiiguse, ukaenda uani kuanua taulo. Mimi nilitaka meza kwa ajili ya ramani yangu ya jiografia. Nikaiteremsha sakafuni. Nilikuwa napaka rangi mito pale nilipomsikia mdogo wangu akilia. Mama alipouliza nani aliiweka sufuria chini, ulisema labda ni wewe, hukumbuki. Hukukumbuka kwa sababu hukufanya. Nilisimama mlangoni na penseli ya bluu mkononi, nikanyamaza. Baba alipokuambia usikanyage tena kwake, nikanyamaza. Ile ramani nilipata nayo tisa kwa kumi.

Haya yote niliyasema mbele ya wakili. Mama alitoka akasimama kwenye ngazi. Baba alirudisha kalamu mfukoni, halafu akasema nikuandikie mimi kwanza. Yeye na mama watakuja wenyewe kukuomba radhi, ukikubali wafike. Nilimwambia mdogo wangu pia. Alilitazama kovu lake, akauliza kama ramani ilitoka vizuri.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya mlezi. Jina lako nimeliandika kwa penseli. Ni juu yako lifutwe au lipitiwe kwa wino. Ukitaka kumchukua mdogo wangu peke yake, nitaelewa. Yeye hakuigusa sufuria.

Mama na baba wanakusalimu, ingawa wanaona haya kusema hivyo. Mdogo wangu anauliza kama lile kopo la vifungo vya rangi bado lipo. Nami naviulizia hali vyerehani vyote vilivyolazwa mezani kwako.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita Karani.