Mlango wa Dada Martha

Bi Fakhria, shikamoo, na kama umri wangu umekuzidi ipokee hivyo hivyo, maana nilivyo sasa sina ukubwa wa kudai kwa mtu, naomba unishike mkono kwa jambo lililonikalia kifuani. Mimi ni Ngollo, fundi ujenzi wa Puge, na kutoka Nzega mpaka Igunga usiulize nyumba ipi nimejenga, uliza ipi sijajenga. Shule niliishia darasa la sita lakini injinia kutoka Dar aliwahi kupima ukuta wangu kwa mashine yake, akarudia mara tatu, akaifunga mashine akaondoka zake, na kuna ukuta wangu pale Ziba uligongwa na lori la pamba, lori likaburutwa gereji, ukuta haukuchubuka hata rangi. Nakueleza haya ujue anayekuandikia si mtu wa kubahatisha.

Dada yangu Martha alipata kiharusi mwaka juzi, miguu ikakataa, akawa wa kiti cha magurudumu, na kwangu alikokuwa akiishi milango ni ya kizamani yenye vizingiti, kila akitaka kwenda uani lazima abebwe. Binti yake Elieth amesomea kuchora ramani kwa kompyuta, basi akamchorea mama yake nyumba, vyumba viwili, baraza lisilo na ngazi, milango mipana ya kupita kiti bila kugusa popote. Akanitumia kwa simu na kunisisitiza, mjomba, itoe kwenye karatasi ya A3, ile kubwa mara mbili ya hii ya kawaida, na usipime kwa rula, fuata namba nilizoandika, zote ni milimita. Nikamjibu kwamba nilianza kujenga yeye hajaota meno.

Nikaenda Tabora mjini kwenye steshenari ya binti anaitwa Shaima, siku hiyo karatasi kubwa zimemwishia, nikamwambia ibane tu iingie kwenye A4, ramani ni ramani. Ikatoka safi, ila namba zimekuwa kama mayai ya chawa, na miwani, Bi Fakhria, mimi sivai, watu wakiona fundi na miwani wanadhani ukuta utapinda. Chini iliandikwa kwa herufi kubwa moja kwa mia, hiyo niliiona, nikajua sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya kiwanjani, nikachukua rula ya shule nikapima mstari mmoja mmoja. Mlango ukaja milimita sita na ushee, nikauandika sentimita sitini na nne. Fundi mwenzangu Lugembe akaniuliza, "Mzee, huu mlango ni wa choo au wa Dada Martha?" Nikamwambia msomi ndiye kachora, wewe panga tofali. Na kiwanja kilipobaki kikubwa kuliko tulivyotarajia nikasema hapo patalimwa karanga.

Siku ya kumhamisha, Martha alivaa kitenge kipya, tukamsukuma hadi mlangoni, kiti kikagota fremu huku na huku. Tukakirudisha nyuma, tukajaribu tena, hakikupita. Nilipoinama nimbebe alinishika mkono akasema, "Ngollo, nimebebwa vya kutosha. Nirudishe." Tukamrudisha. Wiki tatu baadaye alifariki, kwenye chumba kile kile chenye kizingiti.

Kwenye matanga watu wakaanza kuulizana imekuwaje mama wa watu asilale hata siku moja kwenye nyumba yake, macho yakanigeukia mimi, ndipo nikatoa ile karatasi na rula mbele ya ukoo mzima, nikapima, nikasema tazameni wenyewe, sitini na nne, nimejenga nilichochorewa. Elieth alisema kwenye kompyuta yake mlango ni mia tisa, yaani sentimita tisini, kisha akasema, "Mjomba, nisamehe. Labda nilikosea vipimo nilipotuma." Nami nikamsamehe, Bi Fakhria. Nilimsamehe mbele za watu.

Wiki mbili baada ya hapo nikarudi kwa Shaima kutoa picha ya marehemu, akaniuliza, leo A3 zipo, ile ramani yako niitoe ilivyotakiwa? Nikamwambia itoe. Akazilaza mbili pamoja mezani, nikaweka rula kwenye mlango wa ile kubwa, milimita tisa kamili. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akaniletea maji.

Sasa Elieth ameitwa kazini na mkandarasi mmoja kule Isikizya, anatakiwa kujibu Jumatatu, anasema haendi, eti hawezi tena kuaminiwa kwa kipimo cha nyumba ya mtu, na kompyuta ameifunga kwenye khanga ya mama yake. Jumamosi ni arobaini, ukoo wote utakuwepo. Nimefikiria nimwambie yeye pembeni, au niseme Shaima ndiye aliyebana karatasi, maana kweli ndiye aliyebonyeza. Nikisema mbele za watu, nani atanipa tena nyumba nijenge? Nisaidie.

Ngollo, Puge

*

Marahaba, Fundi Ngollo. Pole kwa kumpoteza dada. Pole hiyo ni ya ndugu wa marehemu. Fundi sina pole yake leo.

Nimemuuliza mchoraji mmoja wa hapa mjini. Karatasi ikibanwa, mistari yote husinyaa pamoja nayo, na ile moja kwa mia inakuwa ya uongo. Ila namba iliyoandikwa mia tisa inabaki mia tisa hata uichapishe kwenye tiketi ya basi. Ndiyo maana binti alikuambia ufuate namba. Alikuambia kabla ya tofali la kwanza, na katika barua yako yote hapo ndipo ulipopita mbio.

Shaima alifanya ulichomwagiza, mwache na kazi yake. Na kumwambia Elieth pembeni ndiyo nini? Ulimpima mbele ya ukoo, huko pembeni utamrudishia kitu gani? Unaogopa kukosa nyumba za kujenga. Huenda ukakosa moja au mbili. Mwenzako ndani ya siku arobaini amepoteza mama na kazi aliyoisomea, na juu yake akakuomba msamaha wewe.

Martha hatapita tena mlango ule. Hilo siwezi kukurekebishia, wala sitakudanganya kwamba litaacha kuuma. Lakini mwanawe ana mpaka Jumatatu.

Kwa hiyo, kabla ya Jumamosi nenda kapimwe macho, uvae miwani. Chukua karatasi zote mbili. Siku ya arobaini watu wakishakula na kabla hawajaanza kuaga, simama, zilaze mezani, na rula mpe Lugembe apime yeye, kwa sababu yeye aliuliza na hukumsikiliza. Sema binti alikukataza na wewe ukapuuza. Mwombe msamaha kwa jina lake, wote wasikie, na usimdai jibu papo hapo.

Jumapili bomoa ukuta pembeni mwa mlango ule, uupanue. Elieth akikubali, yeye asome tepu, wewe uweke alama pale atakapokuambia. Asipokubali, bomoa hivyo hivyo, mia tisa, na funguo umkabidhi.

Jumamosi ukishasema, kaa chini. Habari ya lori la Ziba usiiguse.