Jina la Konsolata Kwenye Kitabu cha Ubatizo

Jumatano. Mbinga, baridi ya mwezi wa saba. Ukungu umekaa mpaka saa tano asubuhi.

Leo nimemaliza kazi niliyopaswa kuifanya mwaka jana. Tovuti ya parokia sasa ina mlango. Kama huna akaunti na nenosiri, huoni jina la mtu yeyote.

Sina furaha hata kidogo.

Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu, kwa hiyo naliandika. Mwaka jana paroko wa parokia moja huku milimani aliniomba niingize vitabu vya ubatizo kwenye kompyuta, ili Mkristo anayeishi mbali asilazimike kusafiri kuja kutafutiwa namba yake ya ubatizo kila anapohitaji cheti. Mimi nina duka la steshenari hapa mjini. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe. Nilijiona mtu. Kwa wiki kadhaa nilishinda kule nikichapa majina, na mchana nilikula kwa Mama Konsolata, mjane anayeishi jirani na kanisa. Ugali, maharage, chai. Hakukubali nioshe hata kikombe.

Katika vitabu hivyo nilikutana na jina la Tasiana, binti yake wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi kule Mbamba Bay, kando ya ziwa. Kwenye nafasi ya mama halikuwepo jina la Mama Konsolata. Liliandikwa jina la Konsolata, mwanawe wa kwanza. Na pembeni, kwa mwandiko wa padre wa zamani: "Mama hajaolewa. Mtoto analelewa na bibi yake."

Konsolata ni marehemu. Tasiana alimwita dada mpaka siku walipomzika, yeye akiwa darasa la tatu.

Nilielewa palepale. Nikachapa yote, neno kwa neno, kisha nikaenda kula chakula cha yule mama.

Paroko aliniuliza wakati ule, "Hivi kila mtu ataona kila kitu?" Nikamjibu, "Kwa sasa, padre. Mambo ya nenosiri nitayaweka baadaye." Ukweli ni kwamba nilitaka tovuti iwahi sikukuu ya parokia, watu waione na wanipigie makofi.

Walinipigia.

Mwezi uliopita Tasiana alihitaji cheti, kwa sababu anaolewa na kijana wa huko huko ziwani. Akafungua tovuti kwenye kompyuta ya ofisi ya shule, wifi yake mtarajiwa akiwa amekaa naye. Akaandika jina lake. Wakasoma wote wawili.

Siku hiyohiyo akampigia simu Mama Konsolata. Aliuliza swali moja: "Mama, Konsolata alikuwa nani wangu?"

Mama Konsolata aliiweka simu mezani, sauti ya Tasiana bado inasikika. Tangu hapo Tasiana hapokei simu ya nyumbani. Kwa paroko alituma ujumbe mfupi kwamba matangazo ya ndoa yasimame kwanza.

Paroko alinieleza yote haya bila kunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikaizima tovuti, nikaanza kazi. Sasa karani wa parokia akiingia anatafuta jina na kuchapisha cheti, basi. Jina la mama na yale maelezo ya pembeni anayaona paroko tu. Hata hivyo nilikaribia kukosea tena: nilikuwa nimeyaondoa machoni tu, lakini ukiandika anwani ya ukurasa wenyewe, yanafunguka kama kawaida. Nilipogundua, nikarudia upya, mfumo ukague ruhusa ya mtu kwenye kila ukurasa kabla ya kutoa chochote.

Leo saa nane mchana nikapanda mlimani kwenda kumwambia Mama Konsolata. Nilimkuta amesimama kando ya kichanja cha kuanikia, anachambua kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilikataa kukaa. "Mama, yale aliyoyaona Tasiana niliyaandika mimi. Niliyasoma, nikajua, nikayaacha wazi."

"Najua ni wewe," akasema, mikono yake haijasimama. "Huku kwetu kuna nani mwingine wa kompyuta?"

"Sasa nimefunga. Anaona paroko peke yake."

Hapo mikono ikasimama.

"Na Tasiana je? Akitaka kuliona tena jina la mama yake?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku zote hizi nilikuwa nawaza watu wa kuwazuia.

"Konsolata hakuitwa mama hata siku moja," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Alimsuka nywele, alimfulia sare, akaitwa dada hadi anakufa. Ni kwenye kitabu tu ndiko alikoandikwa mama."

Akalia akiwa amesimama. Nami nililia. Sikujua pa kuweka mikono yangu.

Tulikwenda pamoja ofisini kwa paroko. Tukakubaliana kwamba mhusika mwenyewe apewe ruhusa ya kuona kumbukumbu zake zote, lakini kwanza azungumze na paroko ana kwa ana. Nilikaa kwenye kompyuta palepale nikaanza kuliweka hilo. Kisha paroko akaingia kwa nenosiri lake, akafungua ukurasa wa Tasiana, akauchapisha. Mama Konsolata hajui kusoma. Aliomba aonyeshwe jina la mwanawe lilipo, akaligusa kwa kidole, akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Kesho naenda Mbamba Bay," akasema.

Nikamwomba twende wote, nikamwombe Tasiana msamaha.

"Hapana, mwanangu. Wewe umeshamwambia. Sasa ni zamu yangu."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana imeniuma namna hii.

Nimemtafutia nafasi kwenye basi la asubuhi. Nitamsindikiza mpaka stendi, nimbebee mkoba, nisubiri mpaka gari liondoke. Tasiana hajui kwamba anakuja, na sijui kama atamfungulia mlango.