Vijiti vya Kivuli

Jumatano, Ikungi

Bora ningemwacha Mwalimu Salome na ubao wake.

Tangu nije kuwasaidia walimu wa hapa nimekuwa nikimsihi awatoe watoto nje, wajifunze hesabu kwa kupima kivuli cha mlingoti wa bendera. Leo amekubali. Watoto walichomeka vijiti kila kivuli kiliposogea, wakabishana kwa Kinyaturu, na yeye akawa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka darasani.

Ndipo akapita mwenyekiti wa kijiji. Tukamwamkia shikamoo. Akatazama mikono ya watoto.

"Majembe yao yako wapi?"

Nikamweleza kwamba ni somo.

"Somo ni la ndani, bwana mkufunzi. Mtoto akiwa nje yuko kazini. Ndiyo kujitegemea."

Wakapelekwa kupalilia uwele wa shamba la kijiji mpaka jua likazama. Ningembishiaje mwenyekiti, na Salome ndiye anayebaki naye hapa?

Jioni nilipita kwa Salome kumpa pole. Vile vijiti vilikuwa vinawaka chini ya sufuria yake.

"Karibu ugali," akasema. "Kesho tunasoma ndani."