Meno ya Mzee Kpata

Jumatatu, 9 Machi 1998
Shule, kusahihisha madaftari, kisha kinasa sauti. Nimechoka. Mzee Kpata, mpangaji wangu aliyekimbia vita Sudan, alisoma maneno ya Kibanda, lugha ya kwao, huku ameshika shavu. Jirani bado anacheka: lugha gani hiyo, ya kibanda cha nyanya? Sauti ikipanda ni neno moja, ikishuka ni lingine. Halafu ile sauti ya mdomo: mdomo wa chini unaingia nyuma ya meno ya juu, unarushwa nje. Nimejaribu hadi ukauma. Mtafiti wa lugha aliyeniomba nirekodi anataka kanda Ijumaa.

Jumatano, 11 Machi
Daktari wa meno kasema manne ya mbele, ya juu, yatoke. Usaha. Mzee kakataa. Nikakasirika. Nikamwambia kanda itangoja. Kumbe hajali kanda. Anamwaza dada yake Yasi, anayeishi naye, asiyeona wala kutoka kitandani. Machakos nzima, Kibanda wanakijua wao wawili tu.

"Meno ikitoka, hii mdomo haitasema vizuri. Yasi ataongea na nani, mwalimu?"

Chakula hakugusa.

Alhamisi, 12 Machi
Uso umevimba, jicho limefumba. Bado anakataa. Nimechoka kubembeleza mtu mzima.

Ijumaa, 13 Machi
Homa. Nimempeleka kwa lazima. Yametoka.

Jumamosi, 14 Machi
Alimsalimu Yasi. Ile sauti haikuja, hewa tupu. Akarudia. Yasi akadhani ni mgeni, akageukia ukuta. Mzee akalia mbele yangu. Hata ingekuwa leo ningempeleka, lakini roho inaniuma. Siku mbaya.

Jumapili, 15 Machi
Sikwenda kanisani. Mzee aliomba mtungi wa plastiki, mtupu, na mwiko. Kwao, anasema kwa shida, habari zilipigwa kwenye gogo lililochongwa. Sauti ya gogo hupanda na kushuka kama maneno yenyewe, kijiji cha pili wakaelewa. Akapiga. Ubavu wa mtungi ukalia chini, shingo ikalia juu. Akapiga tena, polepole.

Vidole vya Yasi vikagonga ubao wa kitanda. Vikangoja. Vikagonga tena. Mzee akacheka na mapengo yake yote.

Kinasa sauti kilikuwa mezani. Sikukiwasha. Nilitoka nje kuchambua maharagwe, nikayabandika, na yalipoiva walikuwa bado wanaongea.